ZABIBU NI HALALI, BASI KWA NINI NISIZIVUNE?



Ndugu zangu katika imani, kijana mmoja wa kwetu Mombasa anayesoma Ufaransa ameniletea swali, na ameniruhusu nilijibu hapa bila kumtaja jina. Anasema: "Sheikh, huku Septemba ni msimu wa kuvuna zabibu. Kiwanda cha mvinyo kinatafuta vibarua wa siku kumi tu. Malipo ni zaidi ya yuro 11 kwa saa kabla ya makato, na mimi kodi ya chumba imenikaba koo. Sitagusa pombe. Kiwandani sitaingia. Nakata matunda shambani, naweka kwenye kreti, basi. Zabibu ni halali. Dhambi yangu ni ipi?"

Wapo waliomjibu kabla yangu. Mmoja alimwandikia neno moja tu, "haramu". Mwingine akamwongezea laana juu yake. Kijana amekuja kwangu amevunjika moyo, na mimi sioni kwamba swali lake ni la mtu mkaidi. Ni swali la mtu anayeogopa, ndiyo maana akauliza kabla ya kwenda. Wangapi huuliza wakiwa wamesharudi na hela mfukoni?

Basi twende taratibu.

Kwanza, tunda lenyewe halina kosa. Mnajua kisa cha Taif. Mtume wetu (s.a.w.) alipofukuzwa na watu wa Taif kwa mawe mpaka miguu ikatoka damu, alijisitiri katika bustani ya Utba na Shayba, wana wa Rabia, nao walikuwa katika maadui zake wakubwa. Wakamwona hali aliyonayo, wakamtuma mtumishi wao Addas, kijana wa Kinasara kutoka Ninawi, ampelekee kichala cha zabibu. Akapokea, akataja jina la Allah, akala. Bustani ni ya maadui, mtumishi si Mwislamu, na katika zama zile zabibu za Taif zilikuwa zinakamuliwa pombe pia. Tunda likabaki tunda. Na Qur'ani yenyewe, Suratun Nahl aya ya 67, inataja kwamba katika matunda ya mitende na mizabibu watu hutoa kileo, na hutoa pia riziki nzuri. Mti mmoja, njia mbili. Allah ameipambanua riziki nzuri na kile kileo, wala hakuulaumu mti.

Kwa hiyo aliyemwambia kijana "usiguse zabibu za makafiri" amesema neno lisilokuwa na msingi.

Sasa tuangalie kazi aliyopewa, maana fatwa bila kuijua kazi ni kurusha jiwe gizani. Anakotaka kwenda ni jimbo la Champagne. Huko sheria yao inataka zabibu zivunwe kwa mkono, mashine haziruhusiwi, kwa hiyo kila mwaka mwisho wa Agosti na Septemba wanahitaji makumi ya maelfu ya watu kwa muda wa wiki mbili tatu. Kibarua anapewa mkasi mdogo wa kupogolea na ndoo au kreti. Anainama tangu asubuhi, kwa sababu vichala vya mizabibu ile viko chini, karibu na magoti. Kreti zikijaa zinapelekwa haraka kwenye mashine ya kukamulia, punje zikiwa nzima bado, wasije wakapata maji yaliyoanza kuharibika njiani. Kwa desturi yao kila kilo 4,000 za zabibu hutoa lita 2,550 za maji, hawakamui zaidi. Yale maji yanaingia mapipani, chachu inakula sukari, inatoa kileo na hewa ya ukaa. Kati ya mkasi wa kijana wetu na mashine ya kukamulia ni saa chache.

Na liko jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Zabibu zile si hizi za kula mezani. Aina zake, Pinot noir, Meunier na Chardonnay, ni punje ndogo, kokwa tele. Zilipandwa kwa ajili ya mvinyo, zinapogolewa kwa ajili ya mvinyo, na hata siku ya kukata haichaguliwi na utamu wa mlaji, inachaguliwa kwa kupima sukari na uchachu wake kwa hesabu ya mvinyo. Hakuna mtu anayezivuna akitarajia zitaenda sokoni kwenye sinia. Liwekeni hilo akilini, nitalirudia.

Hadithi maarufu aliyoipokea Anas (r.a.), ikatolewa na Tirmidhi na Ibn Majah, inataja watu kumi waliolaaniwa kwa sababu ya pombe. Tazameni orodha inaanzia wapi. Haianzi na mnywaji. Inaanza na mwenye kuikamua, kisha anayekamuliwa, kisha mnywaji, na mchukuzi, na anayechukuliwa, na mwenye kuinywesha, muuzaji, mla thamani yake, mnunuzi, na anayenunuliwa. Mkamuaji mikono yake haijashika pombe hata tone. Alichoshika ni maji ya zabibu, vile vile halali. Amelaaniwa kwa kukijua na kukikusudia kitakachotokea. Hapo ndipo hoja ya "mimi nashika tunda tu" inapoanza kutetereka.

Lakini mkataji wa kichala hakutajwa kwa neno lake katika kumi hao, na mimi siwezi kuwa mkali kuliko hadithi. Anaingizwa kwa mlango mwingine, nao ni Suratul Maida aya ya 2, inayotukataza kusaidiana katika dhambi na uadui.

Baadhi ya masheikh hapa huleta hadithi nyingine, inayosema kwamba mwenye kuzizuia zabibu siku za mavuno mpaka amuuzie anayezifanya pombe, amejitumbukiza motoni akiona. Inaonekana kama imeteremshwa kwa swali letu hili hili! Lakini mimi siitegemei. Ibn Hajar katika Bulugh al-Maram ameipitisha sanadi yake kuwa nzuri, ila Abu Hatim ar-Razi, bingwa wa kuzichambua hadithi, ameikataa kabisa na kuiita uongo. Hadithi yenye mzozo wa namna hiyo situmii kumtisha kijana wa watu. Aya inatosha.

Wanachuoni wamelijadili jambo hili tangu karne za mwanzo, chini ya mlango wa kumuuzia zabibu au maji yake mtu anayezifanya pombe. Imam Abu Hanifa aliona inajuzu, kwa hoja kwamba maasi hayako ndani ya maji ya zabibu, yanakuja baadaye yakishabadilika, kwa kitendo cha mtu mwingine. Wanafunzi wake wakubwa wawili, Abu Yusuf na Muhammad, hawakukubaliana naye, wakalichukia. Imepokewa pia kutoka kwa Sufyan ath-Thawri rai iliyo karibu na ile ya Abu Hanifa, kwamba kilicho halali muuzie umtakaye. Malik na Ahmad wamekataza, na Mahanbali wakasema biashara yenyewe imebatilika. Sisi wa madhehebu ya Shafi, kama alivyosahihisha Imam Nawawi, tunasema: ukijua kwa yakini au kwa dhana yenye nguvu kwamba mnunuzi atafanya pombe, ni haramu, ukiwa na shaka tu, ni makuruhu.

Namheshimu Abu Hanifa, na hoja yake si ya kuchekewa. Mwenye duka hawezi kumfuata kila mnunuzi nyumbani. Anayeuza sukari, chachu, shayiri, je, afunge duka? Lakini irudieni ile nukta niliyowaomba muiweke. Maji ya zabibu ya sokoni yana njia nyingi mbele yake: yanywewe, yapikwe, yawe siki, au yawe pombe. Zabibu za shamba la kiwanda cha mvinyo hazina njia ila moja, na mvunaji si muuzaji aliyeachana na bidhaa yake mlangoni. Ni mfanyakazi wa kiwanda. Siku yake ya kazi imepangwa na mtengenezaji wa mvinyo, ujira wake unatoka kwenye chupa. Hapa hapana shaka wala dhana, pana mkataba wa kazi ulioandikwa jina la kiwanda juu yake.

Kwa hiyo ndugu yangu mwanafunzi, jibu langu ni usiende.

Najua utasema, nisipokata mimi atakata mwingine, mvinyo hautapungua hata chupa moja. Kweli, hautapungua. Lakini wewe hukuulizwa kuupunguza mvinyo wa Ufaransa. Abu Talha (r.a.) alikuwa na mayatima waliorithi pombe. Aya ya kuharamisha ikashuka, akamwendea Mtume (s.a.w.) kuuliza afanyeje. Akaambiwa aimwage. Akauliza kama anaweza kuigeuza siki, akakatazwa. Mali ya yatima, ndugu zangu! Ile mali ambayo Qur'ani imeizungushia ulinzi kuliko mali yoyote, ikamwagwa chini. Kama palikuwa na pahali pa kusema "hasara hii ya nini", palikuwa pale.

Na kuhusu dharura: dharura ipo katika dini yetu, na mwenye njaa ya kufa ana hukumu yake. Ila kodi ya chumba kwa mtu mwenye afya, mwenye ndugu, katika mji wenye kazi nyingine hata kama zinalipa kidogo, ni dhiki. Dhiki ni nzito, siibezi, lakini haijafika daraja hilo.

Sasa nigeukie nyinyi mliomlaani.

Mwaka 2023, katika mavuno ya Champagne hiyo hiyo, wakaguzi wa kazi waliwakuta vibarua zaidi ya 50 kutoka Mali, Mauritania, Ivory Coast na Senegal wamerundikwa katika nyumba chafu isiyofaa binadamu, wakifanyishwa kazi kwa masaa marefu na chakula cha kubabaisha. Julai 2025 mahakama ya Châlons-en-Champagne iliwatia hatiani watu watatu kwa usafirishaji haramu wa binadamu. Na Septemba ile ile ya 2023 jua lilikuwa kali mno, wavunaji kadhaa wakafa. Tazameni nchi walizotoka wale vibarua 50. Mali, Mauritania, Senegal: sina haja ya kuwaambia watu wa huko wengi wao ni wa dini gani. Walivuka jangwa na bahari, hawana vibali, na waliyempata wa kuwapa kazi ni huyo.

Mtu wa namna hiyo ukimkuta shambani na mkasi mkononi, neno lako la kwanza liwe nini? Umsomee watu kumi waliolaaniwa? Katika Bukhari iko hadithi qudsi ya watu watatu ambao Allah mwenyewe atakuwa mgomvi wao siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akachukua kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Imepokewa kutoka kwa Imam Ahmad kuhusu mchukuzi aliyembebea Mnasara pombe: ujira ule haupendezi kuliwa, lakini kadhi atahukumu mchukuzi alipwe. Mnaona fiqhi ya watu wakubwa? Kazi imekatazwa, na papo hapo haki ya mfanyakazi haiporwi kwa kisingizio cha kukatazwa. Dhambi ya kibarua haimhalalishii tajiri jasho lake.

Basi kama yupo anayenisoma ambaye ameshavuna msimu huu bila kujua hukumu, adai mshahara wake wote, asiwaachie hata senti. Kisha kama ana uwezo aitoe sadaka, na kama ni fakiri, wako wanachuoni waliomruhusu achukue kadiri ya haja yake. Atubu, na mwaka ujao asirudi.

Wala tusijifanye mambo haya ni ya Ulaya tu. Dodoma yetu inavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, karibu na Februari na Machi, kisha tena Agosti na Septemba, miezi hii hii. Mizabibu ililetwa na wamisionari, ikashika ardhi ile kavu, na leo kutoka Makutupora mpaka Hombolo kuna wakulima wadogo wengi, na Waislamu wamo. Mnunuzi wao mkubwa ni nani? Viwanda vya mvinyo. Pembeni ya barabara na stendi za basi utakuta akina mama wanauza za kula kwenye vifuko, lakini stendi haiwezi kumaliza tani za shamba zima zilizoiva kwa wiki moja. Mara ngapi tumesoma magazetini wakulima wa Dodoma wanalia zabibu zinaozea shambani kwa kukosa soko?

Mkulima huyu hali yake ni tofauti na ya mwanafunzi wetu. Yeye ana mti wake mwenyewe, amesimika nguzo na nyaya, amesubiri miaka miwili mitatu mpaka uzae. Tunda bila chumba cha baridi linaharibika ndani ya siku chache. Hukumu ya kumuuzia mtengeneza mvinyo ni ile ile niliyoitaja kwa madhehebu yetu, siibadilishi kwa sababu ya huruma. Lakini ukisimama mimbarini ukamwambia "acha kuuza kiwandani", ukashuka ukaenda nyumbani, umemwachia nini mkononi?

Na kinachonikera ni hiki. Asubuhi ya Iddi tunatia zabibu kavu kwenye tambi. Harusini tunazitia kwenye pilau na biriani. Nyingi ya zabibu kavu hizo zinatoka nje! Uturuki ni katika nchi zinazoongoza duniani kwa kuziuza nje. Pale Manisa, Agosti na Septemba wanaanika zabibu juani kwa eneo la kupoteza macho, na wana pia asali ya zabibu wanayopika, pekmez, watoto wanapaka kwenye mkate. Ni mizabibu tu kama ya Dodoma. Na mavuno ya Dodoma ya Agosti na Septemba huangukia kiangazi, mvua hakuna mpaka karibu na Desemba. Jua la kuanikia ni la bure.

Nakubali si rahisi kama ninavyoandika. Zabibu nyingi za Dodoma zina kokwa, na mpishi wa pilau hataki kokwa. Inahitajika aina isiyo na kokwa, na mti uliopo unaweza kubebeshwa aina nyingine bila kung'olewa, lakini mkulima atakosa mavuno kwa muda. Kilo nne za zabibu mbichi zinatoa karibu kilo moja kavu, kwa hiyo bei lazima ibebe hasara hiyo. Yanahitajika mashata ya kuanikia, vyandarua vya kuzuia nzi, vifungashio, na mtu mwenye mtaji wa kununua siku ya kuvuna kwa fedha taslimu kama kiwanda kinavyonunua. Haya ndiyo mambo ya kuzungumza wafanyabiashara wetu baada ya Ijumaa, wale ambao kila Ramadhani huleta makontena ya tende kutoka nje.

Sharia yetu tangu zamani imeitazama zabibu hivyo, kama chakula cha kuhifadhiwa. Zaka yake hutolewa zikiwa kavu, nisabu yake wasaki tano, na haki ya maskini imefungamanishwa na siku ya mavuno, Suratul An'am aya ya 141. Na katika Suratul Qalam kuna wale wenye bustani waliopanga kuvuna alfajiri, kimya kimya, ili asiingie maskini hata mmoja. Wakakuta bustani imeteketea. Mavuno katika aya hizi yana maskini ndani yake, nasi tunazungumzia mavuno ya zabibu tukiwa tumemsahau anayekata.

Narudi kwa mwanafunzi. Nimemwambia asisaini ule mkataba, naye amekubali, Allah amlipe kheri. Septemba na Oktoba ni wakati wa tufaha pia huko Ufaransa. Aliye upande huo na anajua shamba la tufaha au la mboga linalotafuta watu, aniandikie kwa faragha nimuunganishe naye. Ila ulizeni kwanza tufaha hizo zinaenda wapi, maana watu wa Normandie nao wanazikamua pombe. Kodi yake ya mwezi huu, ndugu wawili wamejitolea theluthi mbili tangu jana usiku. Imebaki theluthi moja, na mwenye nyumba anataka hela yake kabla ya Jumatatu.

Wallahu a'alam.